Mtihani wa Hesabu na Zamu ya Shamba Letu

Jumanne, 15 Oktoba

Mwamba, daftari langu, leo siandiki sana. Viganja vimechubuka, kalamu inagusa penye malengelenge.

Nimelima kwa watu toka asubuhi mpaka jua la utosi. Nikarudi, nikala ugali wa muhogo wa jana, nikafungua kitabu. Logi. Maswali sita, nimepata manne. Nadhani. Kurasa za majibu zilichanwa kabla sijakinunua. Yule muuzaji pale sokoni Kasulu aliniambia kitabu kizima. Kizima gani.

Goti la mama bado limevimba. Kwa hiyo kwenye ikibiri naenda mimi. Wanawake wote wa mtaa wetu wenye mashamba, leo tunalima kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka kila mtu afikiwe. Ukikosa kwa mwenzio, nao wanakukosa wewe. Nyumba yetu ni mimi na mama tu. Hakuna wa kumtuma.

Nimechoka. Nimeshasema.

Alhamisi, 17 Oktoba

Eliasi kaja jioni na pikipiki yake. Naye anarisiti hesabu, anarudia mtihani kama mimi. Mtu wa Kakonko, kapanga chumba huku, anaendesha boda. Hatuna mwalimu. Hatuna majibu. Kwa hiyo tumejiwekea utaratibu: kila mtu anafanya swali peke yake, amempa mwenzie mgongo. Tukipata jibu moja wote wawili, tunaliamini. Tukitofautiana, tunarudia mpaka mmoja akubali.

Leo zile za x na y mbili mbili. Maswali matano, tumekubaliana matatu. Mawili tumegombana.

Alisema, "Wewe Jene una haraka. Unaruka mistari kama mbuzi."

Nikamwambia yeye ni wa polepole kama kobe, mtihani utaisha yuko swali la pili. Kacheka. Ila kweli niliruka. Alama ya kutoa ilipotea njiani.

Naichukia alama ya kutoa.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani nimesinzia. Mama kanifinya.

Mchana nimefanya ile mada ya dunia kama mpira. Naipenda sana hii. Nilikuwa peke yangu, nikaruka juu jibu lilipokuja. Nimechukua ramani ukutani nikapima Kasulu na Kibondo. Zimeachana kama nyuzi moja hivi kwenda kaskazini. Nyuzi moja ni maili sitini za baharini. Nikabadili, ikaja kilomita mia na kumi na kitu. Nikamkimbilia Eliasi kijiweni kumwonyesha.

Kasoma mpaka mwisho, taratibu. "Hiyo ni ya ndege, sha. Mimi nina makorongo."

Wenzake wote wakacheka. Mimi pia.

Kwa nini nataka hivi. Niandike, nikichoka zaidi nisije nikasahau. Nilipokuwa form two nakaa kwa shangazi Kibondo, walikuja wapimaji viwanja. Mmoja mwanamke. Kasimamisha chombo chake cha miguu mitatu, kafumba jicho moja, kaita namba, mwanaume akaenda kupigilia kigingi alipoambiwa. Hakuna aliyebisha. Wazee waliogombea ule mpaka miaka yote walinyamaza. Nikasema ndiyo kazi yangu. Ila chuoni bila hesabu hawakupokei. Form four masomo mengine nilipita, hesabu F. Nikarudi nyumbani kulima. Huu ni mwaka wa pili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo tumelima kwa Bibi Veronika. Mvua bado inatania. Udongo mgumu kama sufuria.

Bibi mwenyewe hawezi tena, lakini jembe la kwanza lazima lipigwe na mtu wa nyumba ile ile. Ndiyo sheria ya ikibiri yetu. Mwenye shamba anafungua mstari, anakaa mbele mpaka mwisho, wengine tunafuata. Hakuna mtu wa nyumbani, hakuna kulima. Mama Kizito, mkubwa wetu, anasema zamani watu walikuwa wanaita kikundi halafu wao wanakwenda kunywa rubisi. Basi ikawekwa sheria.

Aliyefungua ni kijana anayemchumbia mjukuu wa Bibi. Mahari bado. Wanawake hawakumwacha apumue.

"Mkwe, mbona unakwaruza? Unatafuta sindano?"

"Mwacheni, huyo analima huku macho yapo jikoni."

Kijana jasho linamtoka, anacheka tu. Ukishika jembe la nyumba ya watu, umeshakuwa wao.

Jioni: matriksi. Zero. Kichwa kimegoma.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Ya kweli. Sasa hakuna kupumzika, wote wanataka maharage yaingie ardhini wiki hizi.

Nimefanya pepa nzima ya zamani, kwa saa, mlango nimefunga. Eliasi kafanya kwake. Tumelinganisha. Pale tulipokubaliana nimejipa alama, kwingine sifuri. Nimevuka D kidogo. Kidogo sana. Yeye kanizidi.

Kobe kanizidi.

Nimenuna nusu saa. Halafu nikafurahi, kwa sababu ile ya uelekeo, ya meli mbili kutoka bandari moja, nilimfundisha mimi. Mwaka jana hakujua hata sini na kosini ni nini.

Jumapili, 3 Novemba

Mbaya.

Mama Kizito kasoma zamu baada ya misa. Kwetu ni Jumanne, tarehe kumi na mbili.

Mtihani wa hesabu ni Jumanne, tarehe kumi na mbili. Asubuhi.

Nimerudi nyumbani bila kuongea na mtu. Mama kaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Mama Kizito. Nimepiga goti, nimesalimia vizuri, nimekaa chini. Nimeomba tubadilishane na mtu yeyote, mbele au nyuma.

"Mwanangu, nyuma yenu wapo saba. Kila mmoja ana mbegu ndani na mvua nje. Nimwambie nani asubiri?"

Nikasema basi mama atakuja akae pembeni.

"Kukaa siyo kulima. Nikikukubalia wewe, kesho wote wana magoti."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa hata ndizi za kuchoma nile njiani. Hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningejua pa kuweka hasira.

Tusipolima sasa hatuvuni. Tusipovuna tutakula nini, na mama atatibiwa goti kwa kitu gani. Nikikosa mtihani, mwaka wa tatu. Naona nitazeeka na hiki kitabu chenye kurasa pungufu.

Leo sijagusa swali hata moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama kajua. Mtaa huu haufichi kitu. Asubuhi kachukua jembe kimya kimya akaenda nyuma ya nyumba kujijaribu. Nimesikia kishindo. Nimemkuta kakaa kwenye matope, kashikilia mpini, anacheka huku machozi yanamtoka. "Mwili umenikana," kasema. Nimemwinua. Mzito. Sikuwahi kujua mama ni mzito.

Jioni Eliasi kaja tufanye probabiliti. Nikamwambia aende, sina haja. Nikamweleza kwa nini. Alikuwa amekaa kwenye pikipiki, anakwangua matope kwenye pedeli.

"Nitalima mimi," akasema.

Nikamwambia na wewe una mtihani siku hiyo hiyo, kichaa.

"Mimi wa mwakani. Boda haina umri. Wewe nenda."

Nilitakiwa nikatae. Huyu ndiye kanizidi pepa nzima. Alilipia mtihani kwa kubeba watu mpaka Nyarugusu kwenye vumbi na mvua. Nilijua yote hayo yakiwa yamesimama mbele yangu. Nikasema asante. Haraka sana nilisema, kabla hajabadili mawazo.

Mama alikuwa mlangoni. Kasikia. Kasema "ego" moja tu, yaani ndiyo, akaingia ndani. Nikashangaa mbona kakubali upesi hivyo. Sikuendelea kuwaza. Nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimerudia logi, uelekeo, seti. Matriksi nimeyaacha yalivyo.

Eliasi hakuja. Kesho.

Jumanne, 12 Novemba

Nianze na mtihani.

Wengi tulikuwa wakubwa, wengine walikuja na watoto mgongoni, wakawaachia ndugu getini. Meza ya mbele yangu ilikuwa tupu, ina namba ya Eliasi. Msimamizi kapita mara ya kwanza, kaiangalia saa. Kapita mara ya pili, kaweka alama kwenye karatasi yake. Nimeona. Nikainamisha kichwa.

Maswali mawili ya kwanza mepesi. La tatu niliruka mistari, nikajigundua, nikarudi. Halafu ikaja ya uelekeo, nikaifanya taratibu, mstari kwa mstari, kama kobe. Shida ilikuwa moja: kila jibu nililopata nilitaka kugeuka niulize na wewe umepata hivyo. Nyuma kulikuwa na mzee mmoja anakohoa. Nimefanya maswali yote ya sehemu A na matatu ya B. Nimepita, nadhani. Sijui. Nadhani nimepita.

Nilirudi nakimbia. Viatu mkononi, matope.

Shamba lote limelimwa. Lote, mpaka kule kwenye migomba. Wanawake wako uani wanakula maharage na ndagala, Eliasi katikati yao kakaa kwenye kigoda cha mama. Kile asichokaliaga mtu. Nilipoingia vigelegele vikapigwa. Nikadhani ni vya mtihani.

"Karibu, bibi wa mpimaji wa shamba!" huyo Mama Kizito. "Mume wako ana mkono mwepesi, mstari umenyooka kama barabara ya lami."

Nikacheka. Halafu nikaona mama hacheki. Anatabasamu, lile la kanisani.

Ndiyo nikaelewa. Kafungua mstari na jembe la nyumba yetu. Amekaa mbele mpaka mwisho. Mbele ya mtaa mzima.

Nikajiambia, pengine hajui. Kwao Kakonko pengine si hivyo. Walipoondoka nikamuuliza mama, Eliasi alikuja saa ngapi. Alikuja kabla ya wote, mama kasema. Kavaa shati jeupe la kanisani. Kalivua, kalikunja vizuri, kampa mama amshikie, ndiyo akachukua jembe.

Mtu haendi kulima na shati la kanisani.

Alijua.

Jumatano, 13 Novemba

Nimelala mchana kutwa. Mwili wote unauma utadhani nililima mimi.

Nina hasira na sijui niimwage kwa nani. Hakuniuliza. Lakini na mimi sikumuuliza. Nilichukua tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama kapanda maharage amekaa, anajivuta kwa makalio mstari mzima. Kakataa nimsaidie. Anaimba. Sijamsikia akiimba toka goti lianze.

Kaniambia Eliasi siyo mlevi. Nikasema najua. Kaniambia hana mdomo. Nikasema najua, mama. Kaniambia chuo kipo tu, hata walioolewa wanasoma. Hapo nikatoka nikaenda kuchota maji, na mapipa yalikuwa yamejaa.

Jumapili, 24 Novemba

Maharage yametoka. Majani mawili mawili, safi. Mistari imenyooka kweli.

Eliasi kaja baada ya misa. Kakaa kwenye benchi, siyo kwenye kigoda. Hatukuongelea lolote la shamba. Kaniomba nimwandikie swali lile la uelekeo lilivyokuwa, kama bado nalikumbuka. Nalikumbuka lote. Kanipa mgongo akafanya. Kapata jibu tofauti na langu. Tumerudia wote wawili, polepole. Lake ndilo sahihi.

Kaikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, kanipa pole kwa macho, kawasha pikipiki. Alipofika barabarani kanipungia mkono bila kugeuka. Kumbe alijua bado namtazama.

Simchukii. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi. Nikikaa naye nacheka. Lakini nikifumba macho namwona yule mwanamke wa Kibondo kafumba jicho moja, na nyuma yake hakuna mtu anayemsubiri arudi kupika. Akinioa ataniacha nisome, labda. Sitaki "labda". Na yeye mtihani wake uko wapi? Niliukalia mimi. Nitamwambiaje hapana mtu ambaye namba yake ilikaa tupu mbele yangu asubuhi nzima?

Mama kafunga jogoo mguu kwenye nguzo ya jiko. Wajomba zake Eliasi wanakuja Jumapili ijayo kutoka Kakonko, kusalimia. Kusalimia tu, mama kasema. Jogoo hajui lolote, anaparua mavumbi.

Matokeo mpaka mwakani.

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwambia wiki hii, jogoo bado yuko hai, au ungekaa kimya uone kwanza umepata nini?