Neno la Kumtoa Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Oktoba
Nimemsomea mhariri wa gazeti letu, Dar, habari yangu kwa simu, kama kawaida. Leo ni ya Meru. Wanachama wa chama cha kahawa wamemwondoa mwenyekiti wao, Mzee Elifasi. Alimwahidi mnunuzi binafsi kahawa yao yote bila kuwauliza. Kura ilikuwa ya kusimama: wanaomtaka nyuma yake, wasiomtaka nyuma ya katibu, Mama Anaeli. Mke wa mzee alikuwa wa mwisho kuvuka uwanja kwenda kwa katibu. Nyuma ya mzee hakubaki mtu.
Niliandika "wamemwondoa". Ndilo lililotokea.

Jumanne, 4 Oktoba
Gazeti limefika. Kichwa cha habari: "Wampindua mwenyekiti". Nimekasirika. Anayepindua ana bunduki, au angalau rungu. Hawa walikuwa na miguu tu.
Nikampigia mhariri. Akacheka. "Kuondoa hakuuzi gazeti, kaka."

Jumatano, 5 Oktoba
Polisi wamemchukua Mama Anaeli. Kosa: kupindua uongozi halali. Gazeti letu liko mezani kwa mkuu wa kituo. Nimekwenda kumwambia mkuu huyo kwamba neno "wampindua" si langu. Mzee Elifasi mwenyewe aje aeleze, akasema, ndipo atamwachia mama.
Mama ana pumu. Mahabusu kuna baridi.

Alhamisi, 6 Oktoba
Nimepanda kwa Mzee Elifasi. Alikuwa anachuma kahawa. Aliitikia shikamoo yangu bila kugeuka. Atakwenda polisi, alisema, ila kwanza niandike kwamba amejiuzulu. Mstari mmoja, na Mama Anaeli analala nyumbani leo.
Nilishuka kituoni. Nikamuuliza Mama Anaeli mwenyewe. Anapumua kwa shida.
"Ukiandika amejiuzulu, msimu ujao atarudi," alisema. "Mwambie tulimtoa. Mimi nitakaa."
Naogopa.

Ijumaa, 7 Oktoba
Nimempelekea mzee jibu. Mkewe alitoka jikoni, mikono ina unga, akamwambia mumewe:
"Baba Nai, mimi nilivuka ule uwanja mchana kweupe. Polisi wakikuuliza nilikuwa wapi, utasemaje?"
Akaingia ndani, akamletea koti. Mzee alilishika muda mrefu kabla ya kulivaa.
Kituoni aliulizwa kama alipinduliwa.
"Walinitoa," alisema. "Kwa kura."
Mama Anaeli alitoka jioni, amejifunika khanga ya mtu mwingine.

Jumanne, 11 Oktoba
Masahihisho yametoka, ukurasa wa ndani, mistari miwili. Neno ni sahihi: "wamemwondoa".
Nilipita Meru asubuhi. Ukungu. Foleni kwenye mashine ya kumenyea kahawa ni ndefu. Mzee Elifasi yumo katikati, na debe lake. Hakuna aliyempisha mbele. Aliyekuwa nyuma yake alimsaidia kulisogeza.