Kipimo cha Miguu ya Mjomba Bernado

Kwa Bibi Mwanaupe,
Nyuma ya Soko,
Musoma.
23 Februari 1953.

Mpendwa Mjomba Bernado,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, na kile kikohozi cha vumbi la pamba kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Mimi ndiyo sijambo kupita kiasi. Nimenenepa, naimba nikifua, na jana asubuhi niliunguza uji kwa sababu nilikuwa namtazama mume wangu akifunga vifungo vya shati lake. Nakuambia haya mapema ili usidhani naandika kwa majuto.

Barua yako ya Januari nimeipata. Mara ya kwanza nilipoisoma nililia, mara ya pili nilikasirika, mara ya tatu nilimsomea Masatu kwa sauti, naye akasema tu kwamba mwandiko wako ni mzuri. Umeandika kwamba Pasaka utashuka melini hapa Musoma, na kama Masatu atakuwa hajanishonea gauni kwa ile cherehani yako, utanichukua unirudishe Suguti kwa mama, na ndoa itakuwa imekwisha. Unasema mama amekubali. Atakataaje, wakati kwetu neno la kaka wa mama ndilo la mwisho? Ndiyo maana nakuandikia wewe, sikumwandikia yeye.

Nataka kwanza tukumbushane siku ya harusi yetu kule Mugango. Lori lilishusha kreti lako, wanawake wakapiga vigelegele, nawe ukalifungua kwa panga mbele ya watu wote. Ndani ikatoka cherehani ya miguu, mpya, ina maua ya dhahabu. Vigelegele vikakatika. Kila mtu alimtazama bwana harusi, ambaye miguu yake ilikauka kwa homa akiwa na miaka sita, amekaa kwenye ngozi yake ya ng'ombe na vile vigogo viwili anavyoshika mikononi akitembea.

Ukasema, "Haya, bwana harusi, kanyaga tuone!"

Watu wakacheka, Mjomba. Hata shemeji zangu walicheka. Ukaona haitoshi, ukaongeza kwamba siku atakayomshonea mpwa wako gauni kwa mashine hiyo, utamwita mkwe mbele ya watu hao hao. Masatu akainua macho akakuangalia kwa muda mrefu, akasema, "Asante, Mjomba. Una mabega mapana." Ulidhani amechanganyikiwa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Uliwahi kujiuliza kwa nini nilimpenda? Hukuuliza. Ulinipeleka mwenyewe shule ya masista, ukangoja nimalize darasa la kumi, kisha ukanichagulia karani mwenzako mwenye meno ya kahawia. Mimi nilikuwa nimeshamwona Masatu likizo moja, amekaa ufukweni anafuma nyavu za sato. Vidole vyake vilikwenda kama mvua. Nilisimama kutazama wavu, nikasahau kuondoka. Akaniambia, "Dada, ukiendelea kusimama hapo nitakufuma na wewe humu ndani." Basi nimefumwa. Sitoki.

Baada ya wewe kuondoka niliapa kwamba mashine ile itashona. Sikujua wapi pa kuanzia. Tulikwenda kwanza kwenye ofisi moja ya serikali, Masatu mgongoni kwa kaka yake. Karani, mtu wa soksi ndefu kama zako, aliuliza bila kuinua kichwa kama Masatu alikuwa askari, kwa kuwa alikuwa na fomu za walioumia vitani.

"Miguu yake aliiacha vitani Bama?"

"Hapana, bwana," Masatu akajibu, "niliiacha Mugango. Haikufika mbali."

Karani hakucheka. Alisema hana fomu ya Mugango, twende misheni. Kwenye misheni tuliyokwenda walitupokea vizuri, wakatupa maziwa ya unga na mafuta ya kuchua, wakamwambia Masatu awe anakuja Jumamosi kukaa na wale wanaogawiwa mahindi mlangoni. Alishukuru. Tulipotoka nje akaniambia, "Hyasinta, mimi nina mikono. Mtu mwenye mikono akiomba mahindi, mwenye kukosa mikono aombe nini?" Nilimbusu pale pale barabarani, watu wakipita. Ndiyo, Mjomba, barabarani.

Aliyetusaidia hakuwa na ofisi. Tulikuwa tumepakia mashine kwenye lori la pamba tukitaka kwenda Bunda kumtafuta fundi cherehani, nalo likaharibika Butiama. Tukakaa chini ya turubai kungoja. Mama mmoja aitwaye Gati, muuza viazi, alimwona Masatu na mashine, akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka akauliza ni ya nani. Nikamweleza. Nilimweleza na habari zako pia, na alikutukana kwa Kizanaki kwa muda ambao viazi viwili viliiva.

Akasema, "Kaka yangu ni bubu. Walikuwaga wanamwita mbuzi. Sasa anafunga spoku za baiskeli Bunda kwa Muharami. Nendeni kwa huyo. Yeye haulizagi mtu amekosa nini."

Muharami ni fundi baiskeli, mzee mwenye kofia iliyojaa grisi. Aliizunguka mashine yako, akamzunguka Masatu, akamwambia amwonyeshe mikono. Aliishika kama mtu anayechagua samaki. Kisha akasema neno ambalo nataka ulisome polepole: "Mama, mashine haijui mguu. Inajua kuzungushwa tu."

Kosa letu lilikuwa hilo, sisi sote, mimi, wewe na Mugango nzima: tulidhani cherehani ya miguu ni ya miguu.

Siku nne tulilala uani kwake. Yeye na kaka yake Gati waling'oa kichwa cha mashine kwenye ile miguu ya chuma. Wakachukua gia kubwa ya baiskeli iliyokufa, pamoja na pedali yake, wakaifunga upande wa kulia. Gia ndogo wakaifunga kwenye gurudumu la mashine, wakaunganisha kwa mnyororo. Sasa Masatu anazungusha pedali kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto. Na ili isimzidi kimo, wakatengeneza sanduku fupi la kuikalisha, kwa mbao za kreti lako. Jina lako bado linasomeka ubavuni, kichwa chini: KUTOKA KWA BERNADO, MWANZA. Nilitaka lipigwe randa. Masatu alikataa.

Muharami alitupa na jina la dada yake wa hapa Musoma, Bibi Mwanaupe, mjane anayeshona kofia na mwenye baraza pana. Bibi huyu si wa ukoo wetu wala wa dini yetu, lakini alitupa chumba na nafasi barazani. Kila Jumapili ananikumbusha nisichelewe kanisani. Aliyeanza kumcheka Masatu ni wa damu yangu, Mjomba, na aliyetandika mkeka ni Mwanaupe. Ile miguu ya chuma anawekea mtungi wa maji. Imefaa sana kwa kazi hiyo.

Wiki za kwanza Masatu aliharibu vitambaa, Mwanaupe akimfokea, "We mume wa Hyasinta, hapo si wavu, samaki hawapiti hapo!" Sasa anashona sare za shule na mashati ya wavuvi wa Makoko. Jumanne mtu mmoja asiyeona kutoka Mugango na mama aliyembeba binti mwenye mguu mmoja walimjia, wote wamesikia habari za pedali. Nimewaandikia barua kwa Muharami. Nina daftari sasa la nani anaweza kusaidia nani, na wewe jina lako halimo.

Na gauni? Nimelivaa ninapoandika. La buluu, lina kola nyeupe, limenikaa hata naona aibu kupita sokoni. Alinipima kwa mikono yake, hakutaka uzi. Sitakueleza zaidi.

Kwa hiyo usije kunichukua. Njoo kutimiza neno lako. Jumatatu ya Pasaka tutakuwa Mugango, na nimeshamwambia Mwikwabe, dereva wa lori aliyeshusha kreti lako, awaalike wote waliocheka. Utasimama pale pale, utamwita mkwe kwa sauti ile ile uliyotumia kumwambia akanyage. Kama huwezi, baki Mwanza na kikohozi chako. Mimi nimekuheshimu tangu nikiwa mtoto na nimechoka.

Kuna jambo moja la mwisho, nalo si langu. Siku ile ulipokuwa umesimama ukimcheka, Masatu alikuwa anakupima kwa macho. Koti lako limekwisha, la kaki, na nikilitazama nakuona wewe umesimama. Alisema mjomba wa mke wake lazima avae nguo ya kwanza ya heshima anayoshona yeye. Niligombana naye siku mbili kwa ajili ya koti hilo. Alinishinda, kama kawaida, kwa kunichekesha.

Suruali ndiyo imemkwamisha. Kreti lilikuwa mbele yako, hakuona chini. Ndani ya bahasha kuna uzi. Upande mmoja ushike kiunoni, upande wa pili funga fundo penye kisigino, uurudishe kwa posta kabla ya tarehe ishirini ya mwezi ujao. Mume wangu anaomba umpe urefu wa miguu yako, Mjomba, kwa kuwa yake mwenyewe haimsaidii kukisia.

Nisalimie Mama Wenceslaus na watoto wote. Bibi Mwanaupe anakusalimu pia, ingawa kwa midomo tu. Mungu akulinde ziwani, akufikishe ukiwa umelainika.

Ni mimi, mpwa wako, ambaye bado anakupenda lakini kwa shida,

Hyasinta, mke wa Masatu.