Paka wa Kizimba cha Mwisho

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Mimi mzima. Goti ndilo linalolalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Nyumba ipo, majirani wapo, wote wanakusalimu.

Nina habari. Unajua tangu nifunge karakana nilikuwa nashinda mlangoni nikitazama wapita njia. Sasa nina kazi, ila haina mshahara. Kuna nyumba nyuma ya kituo cha mafuta wanakokusanya paka wa mitaani. Wanawatega, wanawatibu, wanawafunga uzazi, na wenye tabia nzuri wanatafutiwa nyumba za watu. Alikuja binti mmoja wa pale kuniomba vipande vya sponji za makochi vilivyobaki karakana, awatandikie. Nikampelekea mwenyewe kwa toroli. Nikakuta wanakata sponji kwa kisu cha mkate. Nikashindwa kuondoka. Nilirudi kuchukua mkasi wangu, na tangu siku hiyo mchana hunikuti nyumbani.

Huyo binti wanamwita Sindano, kwa kuwa ndiye anayewachoma sindano na hajawahi kung'atwa. Ni mdogo kwako kidogo. Ana mkono mwepesi na maneno mengi.

Kuna dume moja la rangi ya kahawia, tunamwita Katibu. Ukivuta kiti, yeye keshakaa. Kuna paka mama mmoja alitolewa kwenye bomba la maji ya mvua pamoja na watoto wake, wote wameshafungua macho. Na kuna mweupe wa kizimba cha mwisho, alitolewa ndani ya injini ya gari. Majeraha yamepona lakini haamini mtu. Anakaa ndani ya boksi lake, anakula tukishaondoka. Asipozoea watu hatapata nyumba, na mtaani hawezi kurudi, mguu mmoja haumbebi sawasawa.

Na wewe hujambo? Kazi inakwendaje?

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu. Huwa nazisomea hapo, kwa sababu hoteli nzima ni chumba cha kufulia tu ambacho meneja haingii, joto linamshinda. Nilivyoona kurasa mbili nilifurahi. Wewe, kurasa mbili. Nikasoma nikingoja kufika pale unapouliza habari zangu. Nikafika. Ni mstari mmoja, mwisho kabisa, baada ya mguu wa paka.

Baba, miaka yote ile nilikuwa nikitoka shule nakuja karakana, nakaa juu ya marobota ya vitambaa nakuhadithia kila kitu. Wewe una misumari mdomoni, unaitoa mmoja mmoja, unapigilia kochi la watu. Sikumbuki kama uliwahi kunijibu zaidi ya kutikisa kichwa. Nikajua ndivyo ulivyoumbwa, huna maneno. Kumbe unayo. Yalikuwa yanamngoja Katibu.

Wala sijakasirika, nauliza tu. Huyo Sindano ni mtoto wa nani? Na wewe anakuitaje?

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole na joto la hicho chumba, na pole kwa kukosa hata kiti. Mimi sijambo.

Umeuliza ananiitaje. Ananiita Baba. Mzee wa umri wangu aitwe nani tena? Ni mtoto wa nani sijamuuliza. Pale hatuulizani hayo, tunaulizana paka gani hajanywa dawa. Goti liliponikaza wiki iliyopita aliniletea mafuta ya kuchua, akasimama mlangoni mpaka akaona nimejipaka.

Nimeongezewa kazi. Wale waoga wanatakiwa wazoee sauti ya mtu, kwa hiyo mmoja wetu anakaa mbele ya vizimba anaongea tu, taratibu, chochote kile. Wenzangu wanasimulia mpira, wengine wanaimba. Mimi nilikaa kwenye stuli nikasema, "Habari zenu," nikaishia hapo. Sindano alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Basi nikatafuta ujanja. Sasa nawasomea. Navaa miwani yangu, nasoma polepole, na juzi mweupe alitoa pua nje ya boksi. Pua tu.

Vitanda vyao nimevimaliza vyote. Nimevivalisha kile kitambaa cha kijani kilichokuwa juu ya kabati, kizito kile, hakishiki manyoya. Vimependeza.

Usijichoshe sana.

Baba yako


11 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, wa mwili.

Kitambaa cha kijani. Umesahau, au umeamua? Kile kilikuwa cha kiti changu. Nilikuwa darasa la pili, kilibaki kwenye kazi ya mteja, nikakuomba unitengenezee kiti kidogo cha kwangu mwenyewe. Ukatikisa kichwa, ukakiweka juu ya kabati. Nimekua, tumemzika Mama, nimesafiri, na muda wote huo mimi mjinga najua kitambaa kipo kinaningoja. Nyumba ya fundi makochi, halafu sisi tunakalia viti vya plastiki. Leo paka wa bombani ndiye amelalia kiti changu.

Acha niseme tu: naona wivu. Nawaonea wivu paka. Napiga pasi mashuka huku nagombana nao kichwani, wenzangu wananiuliza nanong'ona nini. Na hao paka afadhali. Huyo Sindano ndiye anayenikosesha raha. Ana mkono mwepesi, ana maneno mengi, anakuletea mafuta ya goti, anakucheka ukishindwa kuongea. Hayo yote yalikuwa yangu. Nimekuja huku kutafuta riziki, sikusema nimeacha nafasi yangu wazi. Mtu mwenye baba yake haendi kuazima wa mwenzake. Na kama hana, ndivyo alivyoandikiwa, asichukue wangu kwa kuwa niko mbali. Hao paka mnawatafutia nyumba za watu. Na yeye mtafutieni mzee mwingine.

Mwambie asikuite Baba.

Mwanao, wa pekee


2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Nimekawia kukujibu, nilikuwa sijui nianzie wapi, na unanijua.

Nilikuambia nawasomea paka. Sikukuambia nasoma nini. Gazeti nilijaribu, nikawa nakwamakwama, wakanichoka. Nasoma barua zako. Ninazo zote, tangu ulipoondoka. Nikisoma zako sauti yangu inakaa vizuri, sijui kwa nini. Zilipoisha nikaanza upya. Kwa hiyo hii ya Mei ilipofika sikuifungua nyumbani. Niliipeleka na bahasha yake, nikasema leo tuna mpya, tuisikie wote pamoja.

Nikakaa kwenye stuli. Sindano alikuwa kizimba cha jirani, anasugua sakafu. Nikafungua, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye kitambaa, mweupe akatoka. Mzima mzima, mpaka mkia. Akaja na ule mguu wake mpaka kwenye wavu, akakaa ananitazama. Haijawahi kutokea. Wewe hii kazi huijui. Paka wa namna ile akitoka mara ya kwanza, ukinyamaza ghafla au mtu akiinuka, anarudi ndani, na kumtoa tena ni shughuli. Kwa hiyo mimi sikuweza kunyamaza, na Sindano hakuweza kuinuka. Mtu mwingine angetunga maneno mengine papo hapo. Mimi maneno ya kutunga sina. Nilisoma yaliyoandikwa, yote, kwa sauti ileile, na yeye amepiga magoti, brashi mkononi, hajasogea.

Nilipomaliza, mweupe akarudi mwenyewe kwenye boksi. Sindano akachukua ndoo yake, akasema, "Ametoka." Kesho yake alikuja kama kawaida, kazi akafanya, chupa ya mafuta akaiacha juu ya meza. Ila aliniamkia, "Shikamoo, Mzee." Mpaka leo ni Mzee. Daktari wetu wa paka ndiye aliyeniambia kwamba amelelewa na shangazi, wazazi wake hawajui hata kwa picha. Mimi sikuwahi kumuuliza.

Sikulaumu. Wivu wako nimeusoma kwa mdomo wangu mwenyewe, na ulinichoma. Ile misumari, mwanangu, ukifungua mdomo inaanguka, au unaimeza. Lakini nilikuwa nasikia. Mwalimu wenu wa hesabu aliyekuwa akipiga chafya akitaka kuchapa, yule rafiki yako aliyekuibia kalamu akakupa pole, yote ninayo. Nilipotikisa kichwa nilikuwa nakujibu. Sikujua kwamba kwako halikuwa jibu. Na kiti nilitaka kukitengeneza siku nitakayokuwa sina kazi ya mtu. Siku hiyo haikuja mpaka umeshakuwa mkubwa.

Mweupe hajatoka tena. Zile za zamani ameshazizoea.

Baba yako


24 Julai

Baba,

Shikamoo. Hii kama umeifungulia nyumbani, ifunge, vaa viatu, nenda nayo. Kaa kwenye stuli yako. Sindano awe karibu, na ndoo yake au bila ndoo. Nangoja.

Haya, soma.

Mweupe, hujambo. Mimi ndiye yule wa mashuka. Naambiwa ulitoka kusikiliza barua yangu mbaya kuliko zote, kwa hiyo leo naogopa kuandika nzuri, usije ukasinzia. Huyo anayekusomea nilikaa mbele yake miaka nikidhani naongea na ukuta. Wewe umekaa naye miezi tu, umeshamjua. Hata hilo nakuonea wivu. Mambo ya injini siyajui. Lakini kukaa ndani ukingoja watu wote waondoke ndipo ule, hayo nayajua. Nilipofika huku nilikula hivyo mpaka nikazoea sauti zao. Huku nako walinisubiri.

Sasa sogea kidogo, nina maneno na mwenye ndoo.

Mdogo wangu. Nakuita hivyo, na ukikataa sina la kukufanya, niko mbali. Yale niliyoandika niliyaandika nikijua hutayasikia, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Ukayasikiliza yote, umepiga magoti, ili paka asishtuke. Mimi ningeirusha ile brashi. Nisamehe. Wivu bado ninao, sitakudanganya. Nikifikiria ile chupa ya mafuta mkononi mwako natamani ianguke. Lakini afadhali mimi nibaki na wivu wangu kuliko goti lake likose mtu wa kusimama mlangoni. Na lile neno nililokunyang'anya halikuwa mkononi mwangu. Ulimwita, akaitika. Ni yeye aliyekupa, na yeye hajalichukua.

Kitambaa cha kijani walalie, si wameshakizoea. Ila kama kimebaki kipande, Baba, tengeneza kiti kimoja cha mtu mzima, ukiweke hapo mbele ya kizimba cha mwisho. Magoti ya Sindano nayo yatakuja kuuma kama lako. Akikalie yeye mpaka nirudi. Nikirudi tutakigombania, na Katibu atakuwa keshakaa.

Basi Baba, hapa punguza sauti, usikunje karatasi kwa kelele. Kama mweupe yuko nje, msiinuke, kaeni hivyohivyo.

Ukinijibu, usianze na paka. Anza na jinsi mdogo wangu alivyokuamkia asubuhi.

Mwanao mkubwa