Mwisho wa Riwaya ya Mama

Dada Koku, shikamoo.

Leo mvua ya Kigali imenifungia katika soko la Kimironko, nikajibanza kwa fundi cherehani mmoja aliyekulia Karagwe. Alikuwa akisoma ile riwaya ya muuguzi na mchumba wake aliyekwenda vitani, ambayo mama alitusomea jikoni, kurasa za mwisho za nakala yake zikiwa zimechanika na kupotea.

Nikamwuliza, "Yule askari alirudi?"

Akavua miwani. "Alirudi, sha, ndugu yangu. Mguu moja ilibaki vitani, lakini walifunga ndoa kanisani."

Nililia mbele za watu, dada. Mama alisema siku zote, "Atarudi tu, Mungu hasahau," nasi tukamcheka. Fundi akanisomea ukurasa ule mara mbili, nami nikatamani sauti ingekuwa ya mama.

Nakukumbatia. Goti lako lipone haraka.

Mdogo wako, Asimwe