Jina Lililobaki Pangoni

Jumapili, 5 Septemba 1954

Leo nimempeleka mke wangu kuona pango. Tangu nihamishiwe skuli ya huku kusini ananilalamikia kwamba shamba hakuna cha kutazama. Basi — pango! Chini kuna maji baridi, matamu, kijiji kizima kinateka humo. Sharti lao moja: ukiwa ndani humwiti mtu kwa jina. Aliyemo akilisikia analichukua. Wanawake wakitakana hugusana mabega. Nikaona kichekesho. Nikapanda juu ya jiwe, nikaita kwa sauti yote: "Mwanakheir!" Mwangwi ukarudi, ukarudi tena. Naye huku anacheka akaitika, "Naam!" Wanawake wawili wakaacha madebe yao, wakatoka mbio.

Jumanne, 7 Septemba

Bi Kidawa kaja mpaka skuli. Yeye ndiye mvyale — bila ya idhini yake hapa hapafyekwi msitu wala hapachimbwi kisima. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia bila kunitazama. Nikamweleza kwa adabu: hadithi ile ilitungwa zamani, watoto wasichezee pangoni wakatumbukia. Akanijibu kwamba watoto hawatungiwi hadithi, wanachapwa. Darasa zima likasikia! Nikamuuliza, je, yeye kamwona huyo aliyemo? Hajamwona. Wala mama yake. Anaogopa tu, na hofu hiyo kaikuta.

Alhamisi, 9 Septemba

Mwanakheir kaitika "Naam" jikoni. Mimi niko uani, sikumwita. Katoka na mwiko mkononi: "Wanitakani?" Nikamwambia sijasema kitu. "Si weye ulonita sasa hivi?" Jua la mchana, kuku wanapita, hakuna mtu. Akaitika tena wakati anachambua mchele. Mara ya tatu hakuniuliza kama ni mimi.

Ijumaa, 10 Septemba

Homa hana. Hata hivyo nimempa kwinini.

Khutba ya leo sikuisikia hata neno. Nilikuwa nawaza: aliyetunga hadithi ile alitaka nini? Mtu akitaka kutisha watu hutia joka, hutia moto. Hii haina hata umbo. Inachukua jina, basi. Labda hakutunga. Labda kuna mtu wa kale alimwona mkewe akiitika peke yake, akatafuta maneno ya kusema alichokiona, akapata hayo. Naogopa. Wallahi naogopa!

Nimerudi kutoka msikitini, mlango wa nyumba uko wazi. Nikamwona kwenye njia ya pangoni, miguu mitupu, anakwenda taratibu kama anayekwenda kwa jirani. Hakuwa mbali, ningemwita angesikia. Sikumwita. Nikakimbia mpaka nikamshika mkono. Mwalimu mzima! Niliyewaambia watoto kwamba yote yale ni uzushi.

Jumapili, 12 Septemba

Nimekwenda mwenyewe kwa Bi Kidawa. Kasema jina la mke wangu lisitajwe tena, si nyumbani si njiani; kila likitajwa, yule wa pangoni analishika zaidi. Apewe jina jingine, na ubani ufukizwe kule chini. Ubani pangoni! Baba yangu kule mjini, Malindi, akisikia atanikana. Ni shirki, na shirki naiogopa zaidi ya pango — au ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Gari la mjini ni kesho asubuhi. Nataka nimpeleke kwa daktari, na Mwanakheir hataki. Kasema mjini ni mbali, hatasikia.

Mlango nimeutia komeo. Yeye kakaa juu ya mkeka, kanga keshajifunga za kutokea. Tangu juzi sijamwita jina, namwambia "mama" au "we bibi", na yeye kaligundua hilo. Analia. Kasema mwanzo alikuwa akisikia sauti mbili, yangu na ile, na akiweza kuzipambanua. Tangu nimenyamaza amebakiwa na moja.

"Niite, bwana. Mara moja tu, nijue yako ni ipi."

Kama wazee walitunga, nimwite, yaishe. Kama waliona — nikimwita, nimemtoa kwa mkono wangu. Jina liko ulimini. Nimeshika kalamu nisije nikalitamka.

"Niite."

Sasa kaacha kulia. Kainua kichwa, anasikiliza, uso umetulia kabisa. Na mimi bado sijamwita