Meli ya Habibu Inakwenda Skrepa

Tausi, shoga yangu, hapa Makanya hakukaliki. Mama amekaa sakafuni, simu bado kaishika.

Si unajua kaka Habibu ni mpishi kwenye ile meli kuukuu ya watalii? Kila siku wenye meli wanabishana itahamishiwa bandari gani, Mombasa au Durban. Leo kapiga anacheka: "Mama, hakuna bandari tena. Tunaipeleka ikakatwe skrepa."

Mama akamuuliza, "Na huo mlio nyuma yako?"

"Pampu hiyo. Inatoa maji yanayoingia chini."

Maji yanaingia, Tausi! Na anacheka!

Mama akapaza sauti, "Habibu, shuka! Chombo kinachokwenda skrepa, nani atahangaika kukitengeneza?"

Unalikumbuka lile lori la jasi alilokuwa akiendesha marehemu baba. Tajiri wake aligoma kufunga breki mpya, eti limeshauzwa skrepa.

Mama akarudia, "Shuka, mwanangu!"

Habibu akamjibu, "Usiogope, Mama. Ni safari moja tu, ya mwisho."

Simu ikakatika.

Tausi, hivyo hivyo ndivyo baba alivyomwambia Mama asubuhi ile ya ajali, akiwasha lori.