Sheria ya Nani Apite Kwanza

Jumatano

Nimechoka kuitwa Waziri wa Intaneti.

Intaneti ya shule ni ndogo. Sir Komba, mwalimu wetu wa kompyuta, ameweka mfumo ambao sheria ya nani apate intaneti kwanza inaandikwa sehemu moja tu, na vifaa vyote vya mtandao vinaitii. Kazi ya kuandika alinipa mie. Nikaandika: walimu na Kidato cha Nne kwanza, sie Kidato cha Tatu mwisho. Niliona ni haki, wenzetu wana mtihani wa taifa.

Leo video ya Fizikia ikaganda kipindi kizima.

"Waziri katuuza!" Baraka akapiga kelele.

Rehema, ninayekaa naye dawati moja, hakucheka. "Ungetuuliza kwanza," alisema. Nikainamia kitabu.

Baada ya vipindi nilimfuata Sir Komba. Akaangalia kwenye kompyuta yake, akashusha sauti. Kidato cha Nne walikuwa uwanjani. Walimu ofisini ndio waliomaliza intaneti, wakitazama marudio ya mpira.

"Mashine haijui mpira wala Fizikia. Inafuata ulichoandika."

"Basi niandike masomo kwanza? Hata kwa walimu, Sir?"

Akajikuna kichwa. "Andika. Ila kesho utawasomea mwenyewe."

Nimeshaandika. Ila kusimama mbele ya walimu wote, mie ambaye hata jina langu likiitwa darasani najificha nyuma ya kitabu...

Nimechukua simu ya mama, nimemwandikia Rehema ujumbe anisindikize kesho hadi mlango wa ofisi ya walimu.

Amejibu: "Tunaingia wote."